Muuguzi Mratibu na Moyo Unaorudi Nyumbani: Kuhusu Huduma ya Wagonjwa wa Moyo Voi na Taita Taveta

Muuguzi mratibu wa huduma ya upandikizaji wa moyo ni mtaalamu ambaye kazi yake haiishii katika wodi moja wala katika zamu moja, kwa kuwa humfuata mgonjwa yule yule tangu siku madaktari wanapokubaliana kwamba moyo wake umeshindwa kiasi cha kutosaidika kwa dawa pekee, hadi siku ya upasuaji, na baada ya hapo kwa miaka yote ambayo mgonjwa huyo ataishi na moyo wa mtu mwingine kifuani. Katika upandikizaji, moyo ulioshindwa huondolewa na mahali pake huwekwa moyo mzima ambao kwa kawaida hutoka kwa mtu aliyefariki kwa kifo cha ubongo, yaani mtu ambaye ubongo wake wote umekoma kufanya kazi bila uwezekano wa kurejea, ingawa moyo wake bado unapiga kwa sababu mashine inaendelea kumpa pumzi. Upasuaji wenyewe huchukua saa chache, lakini yanayoutangulia na yanayoufuata huchukua miaka. Mhadhara huu unaishughulikia miaka hiyo, na unaitazama kutoka Voi, mji ambao haufanyi upandikizaji wa moyo, kwa sababu mgonjwa wa moyo, popote alikopasuliwa, mwishowe hurudi kwao, na ni huko kwao ambako kazi ya daktari wa upasuaji hudumu au huharibika.

Ushahidi wa hoja hiyo umo katika historia ya upasuaji huo. Tarehe 3 Desemba 1967, katika Hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town, daktari Christiaan Barnard na kikosi chake walimpandikizia Louis Washkansky moyo wa binadamu mwenzake, jambo ambalo halikuwa limefanyika popote duniani. Moyo huo ulipiga vizuri, lakini mgonjwa alifariki baada ya siku 18 kwa nimonia, kwa kuwa dawa alizopewa ili mwili wake usiukatae moyo mgeni zilikuwa zimemwondolea pia kinga dhidi ya vijidudu vya kawaida. Mwaka uliofuata mioyo takriban 100 ilipandikizwa katika nchi mbalimbali, na wengi wa waliopandikizwa walifariki baada ya miezi michache, hata vituo vingi vikaiacha kazi hiyo kabisa. Kikosi cha Norman Shumway katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ni miongoni mwa vichache vilivyoendelea, na kilichowafikisha mbali hakikuwa ustadi wa kisu peke yake: mwaka 1973 daktari Philip Caves wa kikosi hicho alibuni njia ya kupitisha chombo chembamba katika mshipa wa shingo na kuchukua kipande kidogo cha msuli wa moyo, ili kikaguliwe kwa hadubini na dalili za mwili kuukataa moyo zionekane kabla mgonjwa mwenyewe hajahisi chochote. Dawa ya saiklosporini, iliyotokana na kuvu wa udongoni na kuidhinishwa Marekani mwaka 1983, ikaongeza sana umri wa waliopandikizwa, na leo zaidi ya nusu yao huishi zaidi ya miaka 10.

Vipimo vya mara kwa mara na dawa za maisha vilimhitaji mtu wa kuvisimamia. Daktari wa upasuaji alikuwa na mgonjwa mwingine mezani, naye muuguzi wa wodi alimuaga mgonjwa siku ya kuruhusiwa. Katikati ya hao wawili palikuwa na pengo, na wauguzi ndio waliolijaza, kwanza bila cheo na baadaye kwa cheo. Mwaka 1979 waratibu wa upandikizaji wa Amerika Kaskazini waliunda jumuiya yao ya kitaaluma. Uhispania, ambayo mwaka 1989 iliunda shirika la taifa la upandikizaji chini ya daktari Rafael Matesanz, iliweka waratibu ndani ya hospitali zenyewe, wengi wao wakiwa madaktari wa vyumba vya wagonjwa mahututi wakisaidiwa na wauguzi, na katika miaka michache ikaongoza duniani kwa kiwango cha uchangiaji wa viungo. Madaktari wa upasuaji wa Uhispania hawakuwa hodari kuliko wenzao wa nchi jirani. Nchi hiyo iliajiri watu ambao wajibu wao ulikuwa kuhakikisha kwamba hakuna hatua inayoachwa bila mwenyewe.

Kenya hupandikiza figo, hasa kutoka kwa wachangiaji walio hai, katika vituo kama Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret, ambayo isichanganywe na Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Moi iliyoko Voi. Moyo hauwezi kutolewa na mtu aliye hai, na upandikizaji wake haujawa huduma inayotolewa nchini, kwa hiyo anayeuhitaji hulazimika kuangalia nchi za nje kama Afrika Kusini na India. Upasuaji mwingine wa moyo, hasa wa kurekebisha au kubadilisha vali, hufanyika nchini, katika hospitali kama Kenyatta, Mater ya Nairobi na Tenwek ya Bomet. Ng'ambo ya mpaka, Dar es Salaam ina Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015. Vali ni vilango vinne vya ndani ya moyo vinavyofunguka na kufunga ili damu iende upande mmoja bila kurudi nyuma. Mgonjwa wa Taita Taveta aliyebadilishiwa vali ndiye jamaa wa karibu zaidi wa mgonjwa aliyepandikizwa moyo, kwa kuwa wote wawili hurudi nyumbani wakiwa na kitu kigeni kifuani, dawa isiyosamehe makosa, na hitaji la kupimwa damu maisha yao yote.

Sensa ya mwaka 2019 iliihesabu Kaunti ya Taita Taveta kuwa na watu 340,671, waliotawanyika katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 17,000, ambalo zaidi ya nusu yake ni Hifadhi za Tsavo. Voi iko kwenye barabara kuu, umbali wa kilomita zipatazo 150 kutoka Mombasa na zaidi ya 300 kutoka Nairobi. Wundanyi na Mwatate ziko upande wa milima ya Taita, Kasigau na Sagalla zimejitenga, kila moja ikiwa na mlima wake, na Taveta iko mpakani mwa Tanzania, zaidi ya kilomita 100 magharibi mwa Voi, ambako hospitali ya KCMC mjini Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, iko karibu zaidi kuliko hospitali kubwa yoyote ya Mombasa. Umbali huu huamua mambo mengi. Moyo uliotolewa na kuhifadhiwa katika baridi hubaki salama kwa takriban saa nne tu, tofauti na figo inayoweza kungoja siku nzima, na gari linaloondoka Voi kwa kawaida huhitaji zaidi ya saa hizo nne kufika Nairobi. Ndiyo maana, katika nchi zinazopandikiza, mgonjwa anayengojea moyo hutakiwa kuishi karibu na hospitali kwa miezi mingi bila kujua siku wala saa ya kuitwa, na muuguzi mratibu ndiye anayemtafutia makao, kupanga atakayekaa naye, na kuhakikisha kwamba simu yake haizimiki usiku.

Kuna umbali mwingine usiopimwa kwa kilomita. Katiba ya mwaka 2010, ambayo ugatuzi wake ulianza kutekelezwa mwaka 2013, iliziweka hospitali za kaunti, vituo vya afya na zahanati chini ya serikali za kaunti, na hospitali za rufaa za kitaifa zikabaki chini ya serikali kuu. Mgonjwa wa moyo anayetoka Sagalla akienda Kenyatta anavuka, bila kujua, kutoka kwa mwajiri mmoja hadi kwa mwingine, kutoka kwenye faili moja hadi faili nyingine, na anaporudi hubeba karatasi ya kuruhusiwa iliyokunjwa mfukoni, ambayo mara nyingi ndiyo daraja pekee kati ya serikali hizo mbili. Karatasi hiyo ikilowa mvua au ikisahauliwa kwenye matatu, muuguzi wa zahanati anayemwona mwezi unaofuata hana njia ya kujua ni vali ipi iliyobadilishwa, ni ya chuma au ya tishu ya mnyama, wala damu ilikusudiwa kukaa katika kiwango gani.

Ugonjwa unaowaharibia wengi vali katika Afrika Mashariki huanzia kooni. Bakteria wa jamii ya streptokokasi humshika mtoto, kwa kawaida wa umri kati ya miaka 5 na 15, akaumwa koo kwa siku chache na kupona; lakini kwa baadhi ya watoto kinga ya mwili, baada ya kupigana na bakteria huyo, hugeukia viungo vya mwili na vali za moyo, na hali hiyo huitwa homa ya baridi yabisi. Kila maambukizi mapya ya koo huongeza kovu juu ya kovu, hadi vali zikashindwa kufunguka au kufunga. Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio kuhusu ugonjwa huu mwaka 2018, jambo lililochelewa sana, kwa kuwa dawa ya kuuzuia usiendelee ilikuwa imejulikana tangu katikati ya karne ya 20, nayo ni sindano ya penisilini ya benzathini, ambayo ni penisilini iliyotengenezwa ili itoke msulini polepole, inayochomwa kila baada ya wiki tatu au nne kwa muda usiopungua miaka 10, na kwa wenye vali zilizoharibika sana hata hadi umri wa miaka 40.

Sindano hii inafaa kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu ndani yake kazi yote ya uratibu inaonekana. Dawa huja kama unga mweupe katika kichupa. Muuguzi huuchanganya na maji safi ya sindano, hukitikisa kichupa hadi uji wake uwe sawasawa, na huchagua sindano nene kiasi, kwa kuwa nyembamba huziba katikati ya kazi na mtoto akalazimika kuchomwa upya. Huchoma ndani kabisa ya msuli wa tako, polepole, kwa muda ambao mtoto huuona mrefu mno, na baadaye mtoto huchechemea siku nzima. Yeyote aliyewahi kumshika mtoto kwa sindano hiyo anaelewa kwa nini mama wa kijiji cha Kishushe, akiona mwanawe anacheza mpira na hana dalili yoyote, huahirisha safari ya mwezi huu hadi mwezi ujao. Kwa ratiba ya wiki nne, miaka 10 ni sindano 130. Hakuna daktari bingwa anayeweza kumfuatilia mtoto mmoja kwa sindano 130. Anayeweza ni muuguzi mwenye rejista, ambaye kila Ijumaa huangalia ni majina yapi hayakutiwa alama wiki hiyo, huwapigia simu wazazi, na wasipopatikana humwomba mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji hicho apitie nyumbani. Wahamasishaji hao, zaidi ya 100,000 nchi nzima, walipewa mikoba ya vifaa na serikali mwaka 2023, nao ni msaada mkubwa pale ambapo kuna mtu hospitalini anayejua ni nyumba gani ya kuwatuma.

Muuguzi huyo pia hujua mambo ambayo hayamo katika mwongozo wowote wa matibabu. Anajua kwamba katika vijiji vinavyopakana na Tsavo ndovu huwa bado njiani alfajiri, kwa hiyo mtoto hawezi kutembea gizani kuwahi foleni, na kliniki inayofungua rejista saa moja na kuifunga saa nne imemfungia mtoto huyo nje. Anajua kwamba kijana akimaliza darasa la mwisho na kwenda Mombasa kutafuta kazi hupotea katika rejista ya Voi bila kuingia katika rejista nyingine yoyote, na kwa hiyo humwandikia barua ya uhamisho kabla hajaondoka. Haya yote yanaonekana madogo, na ni kweli kwamba kila moja ni dogo. Lakini vali huharibika katika miezi iliyorukwa.

Vali ikishaharibika na kubadilishwa kwa ya chuma, huanza kazi nyingine iliyo ngumu zaidi. Damu inayopita juu ya chuma huelekea kuganda, na bonge la damu likijitenga linaweza kuziba vali yenyewe au kupanda ubongoni na kuleta kiharusi. Ili kuzuia hilo mgonjwa humeza warfarini kila siku ya maisha yake, dawa ambayo watu husema hufanya damu iwe nyepesi, ingawa kwa hakika hupunguza tu uwezo wa ini kutengeneza vitu vinavyogandisha damu, kwa kupingana na vitamini K. Kipimo chake, kinachojulikana kliniki kwa herufi INR, hulinganisha muda wa damu ya mgonjwa kuganda na muda wa kawaida: asiyetumia dawa huwa na 1, na mwenye vali ya chuma hutakiwa kukaa kati ya 2 na 3, au juu kidogo ya hapo ikiwa vali iliyobadilishwa ni ya upande wa kushoto wa moyo kati ya chumba cha juu na cha chini. Chini ya kiwango hicho kuna kiharusi, na juu yake kuna kutokwa na damu. Zipo dawa mpya za aina hii zisizohitaji kupimwa mara kwa mara, lakini haziruhusiwi kwa vali za chuma, na utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba hata kwa wagonjwa wa homa ya baridi yabisi ambao hawajabadilishiwa vali, na ambao mapigo yao hayana mpangilio, warfarini ilikuwa bora kuliko dawa mpya iliyolinganishwa nayo. Kwa hiyo kaunti haiwezi kungoja teknolojia iiondolee mzigo huu.

Vitamini K imo kwa wingi katika mboga za majani. Wagonjwa wengi huambiwa kwa mkato waache sukuma wiki na mchicha, ushauri unaowanyima lishe na usiofaa, kwa sababu jambo linaloivuruga INR ni mabadiliko ya ghafla, si mboga zenyewe. Muuguzi anayewajua watu wake huuliza maswali ya msimu: mvua zikinyesha na mnavu na kisamvu vikijaa mezani, kipimo kinaweza kushuka, ukame ukifika na familia ikala ugali na maharage tupu, kipimo kinaweza kupanda ilhali mgonjwa amemeza kidonge kile kile kila jioni. Humshauri ale mboga kiasi kile kile mwaka mzima, na inaposhindikana humwita apimwe mapema msimu unapogeuka. Huuliza pia, bila kuhukumu, kuhusu mbangara, pombe ya miwa ya Wadawida, wenyeji wa milima ya Taita, kwa kuwa unywaji wa kupindukia siku ya sherehe hubadilisha namna ini linavyoishughulikia dawa. Na kuhusu dawa za maumivu zinazonunuliwa dukani, ambazo baadhi yake huudhuru utumbo na kuzidisha hatari ya kutokwa na damu.

Wanawake wanastahili kutajwa peke yao, kwa sababu ugonjwa huu wa vali huwapata zaidi kuliko wanaume, na wengi wao hupasuliwa wakiwa bado hawajazaa. Warfarini inaweza kumlemaza mtoto tumboni, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12 ya mimba, na kuiacha ghafla kunaweza kuiziba vali na kumuua mama. Mwanamke ambaye hakuambiwa hivyo kabla ya upasuaji hugundua ukweli huo akiwa tayari mjamzito, naye hulazimika kuamua kati ya hatari mbili kwa siku chache, huku mume na mama mkwe wakiwa na maoni yao. Hapa muuguzi mratibu ana wajibu wa kusema mapema kuliko mtu mwingine yeyote, wakati ambapo bado inawezekana kumwomba daktari wa upasuaji afikirie vali ya tishu, ambayo haihitaji warfarini ya maisha ingawa huchakaa mapema, au kupanga uzazi kwa njia salama. Kunyamaza kwa kuona haya, katika jambo hili, ni kosa la kitaaluma.

Baada ya kuyaona hayo, mgonjwa aliyepandikizwa moyo nje ya nchi na kurudi Voi anaeleweka kwa urahisi zaidi. Badala ya warfarini atakuwa na dawa za kudhoofisha kinga, kama vile takrolimasi, ambayo humezwa kila baada ya saa 12 na ambayo kiwango chake katika damu hupimwa pale kinapokuwa chini kabisa, yaani asubuhi kabla ya kumeza. Mgonjwa anayetoka Wundanyi kwa matatu ya alfajiri, ambaye amezoea kuwa mtiifu, humeza dawa yake kabla ya kufika maabara. Jibu huja likionyesha kiwango cha juu kisicho cha kweli, daktari aliye mbali hupunguza dawa, na mwili huanza kuukataa moyo. Sentensi moja ya muuguzi jioni ya siku iliyotangulia, kwamba kidonge cha asubuhi kibebwe mkononi na kimezwe baada ya damu kutolewa, huuzuia mlolongo huo wote. Moyo uliopandikizwa umekatwa neva zake, kwa hiyo hupiga haraka hata mtu akiwa ametulia, na mara nyingi haumpi mwenyewe maumivu ya kifua ya kumwonya; dalili hutafutwa kwingine, katika uchovu mpya, miguu iliyofura, au uzito ulioongezeka kwa kilo mbili ndani ya juma, na ndiyo sababu mizani ya nyumbani inahesabiwa kuwa kifaa cha matibabu.

Mazingira ya kaunti huongeza masharti yake. Kifua kikuu kikimpata mgonjwa huyu, rifampisini, iliyo nguzo ya matibabu ya kifua kikuu, huifanya takrolimasi iondoke mwilini haraka kiasi kwamba kinga huamka na kuushambulia moyo, na kinyume chake balungi, tunda ambalo wengi huliona dawa, huipandisha. Chanjo zenye virusi hai haziruhusiwi kwake, na kwa mkazi wa Taveta hilo si jambo la nadharia: akitaka kuvuka mpaka wa Holili kwenda Moshi na kuombwa cheti cha chanjo ya homa ya manjano, hawezi kuchanjwa, bali anahitaji barua ya daktari ya kumwondolea sharti hilo, barua ambayo mtu fulani lazima akumbuke kuiomba kabla ya safari. Muuguzi anayejua kufuatilia INR ya mwenye vali ya chuma tayari anajua sehemu kubwa ya kazi hii, na kaunti isiyoweza kumshika mtoto mmoja kwa sindano 130 haina msingi wa kumpokea mgonjwa aliyepandikizwa.

Sehemu nyingine ya kazi ya uratibu inahusu aliyefariki. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inaruhusu mtu kuamua, kwa wosia au mbele ya mashahidi, kwamba viungo vyake vitumike baada ya kifo, na inataka upandikizaji ufanyike tu katika vituo vilivyoidhinishwa na kwa ridhaa iliyoandikwa. Sheria hiyo inafungua mlango, lakini atakayeketi na familia katika saa ya msiba ni mratibu, ambaye kwa desturi nzuri ya vituo vingi hatoki katika kikosi kinachomtibu mpokeaji, ili asiwe na mguu pande zote mbili. Katika milima ya Taita mazungumzo hayo yangekuwa na historia nyuma yake. Wadawida wa zamani walimzika maiti, na baada ya muda walikitoa kichwa na kukihifadhi katika pango la ukoo pamoja na vya waliotangulia, desturi iliyokoma kadiri Ukristo ulivyoenea, ingawa mapango yenyewe bado yanaheshimiwa. Mwanaanthropolojia Grace Harris, aliyefanya utafiti Taita mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chake Casting Out Anger mwaka 1978, alieleza jinsi dini ya asili ilivyoihesabu hasira iliyofichwa moyoni, iwe ya jamaa aliye hai au ya mhenga, kuwa chanzo cha maradhi na misiba, na jinsi ibada ya kutasa, ya kutema kinywaji huku maneno ya amani yakitamkwa, ilivyokusudiwa kuiondoa.

Haitakuwa haki kudhani kwamba Mdawida wa leo, ambaye kwa kawaida ni Mkristo au Mwislamu, ataukataa uchangiaji kwa sababu ya historia hiyo. Historia hiyo inamfundisha mratibu jambo la namna nyingine: kwamba mwili wa marehemu ulikuwa amana ya ukoo mzima, na kwamba ridhaa iliyotiwa sahihi na mjane peke yake ukumbini mwa hospitali, huku kaka mkubwa wa marehemu na wazee wakiwa hawajaulizwa, inaweza kuwa halali kisheria na bado ikaacha chuki itakayomwelemea mjane huyo miaka mingi. Mratibu mwenye busara hungoja ndugu wa marehemu afike kutoka kijijini, hata kama saa zinapita, na moyo usipopatikana kwa sababu hiyo, familia inayofuata haitaiogopa hospitali.

Katika hali ilivyo, kazi zilizoelezwa hapa zinaweza kufanywa, na mara nyingi hufanywa, na muuguzi wa kliniki ya wagonjwa wa nje ambaye pia anapima shinikizo la damu, anahudumia wenye kisukari na anajaza ripoti za mwezi, na ambaye barua yake ya ajira haitaji uratibu hata kidogo. Akihamishwa, rejista hubaki katika droo. Mgomo wa wauguzi wa mwaka 2017, uliodumu takriban miezi mitano nchi nzima, ulikuwa na madai yake ya haki ambayo mhadhara huu hauyapingi, lakini ulionyesha pia kwamba huduma inayoshikwa na kumbukumbu ya mtu mmoja haiwezi kuvumilia kukosekana kwake, kwa kuwa sindano ya wiki ya nne haina mahali pa kusubiri. Kwa hiyo cheo cha muuguzi mratibu wa wagonjwa wa moyo kinahitaji watu wawili kwa uchache, mmoja akiwa naibu anayeijua rejista kama mwenzake, simu ya ofisi ambayo namba yake haibadiliki mtumishi akibadilika, na ruhusa iliyoandikwa ya kuwasiliana moja kwa moja na kliniki za moyo za Mombasa, Nairobi na Moshi bila kupitia ngazi tatu za barua. Linahitajika pia fungu dogo la vifaa vya kupimia INR kwa tone la damu ya kidole huko Taveta na Wundanyi, ili mgonjwa asilazimike kusafiri kutwa nzima hadi Voi kwa ajili ya namba moja.

Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii imechukua nafasi ya bima ya taifa ya hospitali, na miongoni mwa mifuko yake mitatu umo mmoja wa dharura na magonjwa sugu na mahututi. Mifuko ya aina hii kwa kawaida hulipia kinachohesabika, kama kitanda, upasuaji na kipimo, na simu aliyopigiwa mama wa Kishushe siku ya Ijumaa haimo katika orodha yoyote ya malipo. Gharama hiyo itaendelea kuwa ya kaunti, na mahali pake panapofaa ni katika bajeti ya mishahara ya idara ya afya, kwa jina la kazi lililoandikwa waziwazi, pamoja na nauli ya mwaka ya naibu mratibu wa kufika Kasigau, Kishushe na Taveta mara moja kila robo ya mwaka.